Stempu Juu ya Kombora

Mtaani walimwita Bi Pasi, na jina hilo lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi yake: alikuwa na duka la dobi pale kona, chumba kirefu kilichojaa mvuke kutwa, chenye meza mbili za kupigia pasi na kamba zilizoelemewa na mashuka ya hospitali ya jeshi. Ya pili ilikuwa neno lake. Likishamtoka mdomoni halikuwa na mkunjo. Akikuambia shati lako litakuwa tayari kesho asubuhi, hata mvua inyeshe mawe, kesho asubuhi shati liko tayari. Na akikuambia wewe ni mwongo, hukuwa na pa kukata rufaa.

Ndiyo maana vita vilipozidi kukaza na serikali ikautaka kila mtaa uuze stempu za akiba, watu hawakuhangaika kutafuta mwenyekiti. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Unanunua stempu, unaibandika kwenye kitabu chako, na vita vikiisha unarudishiwa fedha yako na ziada kidogo. Mtaa utakaotangulia kufikisha kiwango chake utapewa heshima ya gari jipya la wagonjwa litakalokwenda mstari wa mbele likiwa na jina la mtaa huo ubavuni. Hilo la jina ndilo lililowatia watu wazimu. Ng'ambo ya reli kulikuwa na mtaa mwingine ulioshindana na huu kwa mpira, kwa kwaya, mpaka kwa wingi wa watu misibani. Walioapa kwamba heri gari lisinunuliwe kabisa kuliko liandikwe jina la wale walikuwa wengi, na hawakuwa wanatania.

Makamu wa mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu wa kola nyeupe na kalamu mbili mfukoni. Yeye ndiye aliyekaa dirishani pale ukumbini akiuza, kwa hiyo watoto walimpa jina la Bwana Stempu na watu wazima wakalichukua. Alikuwa mwaminifu na mchapakazi, ila hakupenda kukatizwa. Wazo la kombora lilitoka kwake. Aliyekwenda kambini kuliomba, hata hivyo, ni Bi Pasi mwenyewe, kwa kuwa sare za mkuu wa stoo zilifuliwa kwake na bwana yule asingethubutu kumnyima.

Lilikuwa kombora la adui lililookotwa likiwa zima. Kimo chake kilikuwa kama cha mtoto anayeanza shule, unene wake kama ngoma. Lilishushwa kwenye lori na vijana sita wakihema, likasimamishwa katikati ya ukumbi juu ya meza ya mninga. Lilikuja na karatasi yenye muhuri: limetolewa baruti, halina hatari. Sasa badala ya kubandika stempu kitabuni tu, mtu aliweza kununua ya ziada akaibandika juu ya kombora na kuandika pembeni jina la mtu wake aliye vitani. Bwana Stempu alitundika bango: "Mrudishie Adui Salamu Zake." Watu walimiminika. Akina mama walibandika, wakapapasa kile chuma kana kwamba wanampapasa mtoto mgongoni. Baada ya wiki chache halikuonekana tena kombora. Lilikuwa kitu cha rangirangi, kama limevaa nguo ya viraka.

Mtu mmoja tu hakuwahi kubandika. Huyo alikuwa mdogo wake Bi Pasi, mwana wa mwisho wa mama yao.

Walimwita Koplo. Alikuwa amerudi kutoka vitani na sikio moja lisilosikia na mikono isiyoweza kufunga vifungo vyake mwenyewe. Dada yake alimpa kazi ya kukunja mashuka, na ajabu ni kwamba mikono ile iliyoshindwa kifungo iliweza shuka: ncha kwa ncha, pindo kwa pindo, kimya kimya mpaka jioni. Lakini siku moja mhudumu wa hospitali aliangusha ndoo ya chuma mlangoni, na Koplo akaruka chini ya meza akimvuta nesi aliyekuwa karibu naye ili amfunike. Nesi hakuumia. Hadithi ndiyo iliyoumia, maana kila aliyeisimulia aliiongezea chumvi, mpaka nesi akawa ameng'oka jino na Koplo akawa ametolewa ndani ya pipa la maji moto. Watu hawakuwa wabaya. Vita vilikuwa vimewachosha, na kicheko kilikuwa adimu kuliko sukari. Hata hivyo tangu siku ile Koplo akisema jambo, watu walitazamana kwanza kabla ya kumjibu. Na tangu kombora liletwe, hakupita mbele ya ukumbi. Alizunguka kwa nyuma ya karakana, njia ndefu, hata akiwa amebeba mzigo.

Basi ikafika siku ya mwisho ya kampeni, Jumamosi. Kwenye ubao uliochorwa ngazi, kigari cha mbao kilikuwa kimebakiza kipandio kimoja kufika juu. Habari kutoka ng'ambo ya reli zilisema wale nao wamebakiza kimoja. Wageni wakubwa wangefika adhuhuri kushuhudia ni nani kashinda. Ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Mlango mkubwa ulikuwa umezibwa na jukwaa lililojengwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo watu waliingilia mlango mdogo wa ubavuni, wenye vidato vitatu vya saruji. Kwaya ilikuwa imepangwa mbele, watoto wamekaa sakafuni, na kando ya kombora alikaa binti yake Bi Pasi na kopo la gundi, akiwabandikia wasiofika juu.

Kabla ya adhuhuri stempu zikaisha.

Bwana Stempu alitoka dirishani jasho likimtiririka. "Mwenyekiti, watu wana fedha mkononi na sina cha kuwapa. Wale wa ng'ambo watatupita hivi hivi tunaona!"

"Posta je?"

"Posta imefungwa. Lakini nina wazo. Kombora si tupu? Tumwite Cheche alitoboe tundu juu, watu watumbukize fedha humo humo. Wageni wakiingia wakute watu wamepanga mstari wanalilisha. Stempu zao watapewa Jumatatu."

Bi Pasi alikuwa ameshika kiti kila mkono, anahesabu watakaa wapi wageni. "Haya," alisema. "Fanyeni upesi."

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, kijana mwenye vikovu vidogo vidogo vya moto mikononi. Alipakia mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni na kuusukuma kupita mbele ya duka la dobi. Koplo alikuwa mlangoni anakung'uta shuka.

"Unakwenda wapi na moto Jumamosi?" Koplo aliuliza.

"Kutoboa kombora, kaka. Njoo uone cheche za kiserikali!"

Koplo aliliacha shuka likaanguka vumbini. Jambo hilo hakuwahi kulifanya.

Bi Pasi alimwona mdogo wake anapenya katikati ya watu, uso umepauka, macho yameng'ang'ania sakafu. Alipita karibu kabisa na kombora, akasita, akalitazama, kisha akaja moja kwa moja na kumshika dada yake kifundo cha mkono.

"Dada, nataka kusema nawe."

"Sasa hivi? Huoni nilivyo?"

"Sasa hivi."

Kulikuwa na kichumba nyuma, cha kuwekea ngoma na viti vibovu. Wakaingia, Koplo akausukuma mlango. Kelele za ukumbini zikapungua, na Bi Pasi akasikia pumzi za mdogo wake, fupi fupi, kama za mtu aliyepanda mlima.

"Wasilitie moto lile," Koplo alisema.

"Limetolewa baruti. Karatasi yake ninayo, ina muhuri."

"Hata lile la jikoni kwetu lilikuwa na karatasi."

Bi Pasi hakuwahi kusikia habari za jiko lolote. Tangu arudi, mdogo wake hakuwa amesimulia hata siku moja ya kule alikokuwa.

"Tulikuwa na kombora tupu," Koplo alisema, akiutazama ukuta. "Mpishi alilifanya kigoda. Likawa linatoka jasho shingoni, la njano, zito kama asali. Nikamwambia sajini. Sajini akacheka, akasema ukoo wa madobi huona madoa kila mahali. Watu wote wakacheka. Mpishi akalisogeza karibu na moto ili akae vizuri. Mimi nikatumwa maji. Nilirudi na ndoo mbili, dada, na hapakuwa na wa kumpa maji."

Bi Pasi alimshika bega.

"Na hili lina jasho?"

"Shingoni. Stempu za pale juu zimelowa, zimekuwa za njano. Nimeziona sasa hivi nikipita."

"Una hakika halikutolewa baruti?"

Huko nje mtu alipiga makofi, na mabega ya Koplo yakaruka.

"Sina," alisema.

"Ungesema unayo ungenirahisishia."

"Najua. Lakini sina."

Bi Pasi alirudi ukumbini, Koplo nyuma yake. Cheche alikuwa ameshaunganisha mipira ya gesi, amevaa miwani yake myeusi kipajini, na watoto wamemzunguka kama nzi kwenye kidonda. Bi Pasi aliinama juu ya kombora. Kweli, shingoni stempu zilikuwa zimevimba na kulegea.

"Mama, hizi hazikai," binti yake alilalamika. "Tangu jana nabandika zinabanduka. Gundi yenyewe mbovu."

Bi Pasi akapitisha kidole. Kikatoka na utelezi wa njano. Akanusa. Maisha yake yote alikuwa ameshughulika na madoa: damu, kutu, dawa, mafuta ya mashine. Hili hakulijua.

"Ondoka hapo," akamwambia binti yake kwa sauti ya chini. "Nenda nyumbani kaangalie jiko la makaa."

"Lakini mama, wageni..."

"Nimesema nenda."

Bwana Stempu alikuwa ameshafika. "Kuna nini tena? Fundi, anza!"

"Fundi, ngoja," Bi Pasi alisema. "Makamu, kombora lina kitu kinachovuja. Tungoje mtu wa kambini alitazame kwanza."

"Kambini ni mwendo mrefu, mwenyekiti. Wageni wako njiani." Bwana Stempu alimwona Koplo, na sura yake ikabadilika, ikawa ya huruma, na huruma ile iliuma kuliko matusi. Akainamisha kichwa sikioni mwa Bi Pasi. "Ndugu yako ameteseka, sote tunajua. Lakini mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tutavunja kazi ya miezi yote kwa ajili ya ung'ongo?"

Huenda alikuwa anasema kweli. Bi Pasi alitazama ubao na kigari chake cha mbao. Alitazama watu: mama mzazi wa rubani mmoja aliye vitani, wazee wa kwaya, mama mkunga aliyewapokea duniani nusu ya watoto waliokaa pale sakafuni. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kutabasamu, maana walimwona Koplo.

Tsss! Cheche, aliyesikia "anza" na hakusikia "ngoja," alikuwa amewasha. Ulimi wa moto ukatoka wa manjano, akauzungusha kidogo, ukawa wa buluu, mwembamba, unanguruma. Akavuta miwani machoni na kuinama.

Bi Pasi hakukumbuka baadaye kwamba aliamua. Alijikuta tu amepiga goti sakafuni, mikono yote miwili iko kwenye koki ya mtungi, anaizungusha. Ulimi ukafupika, ukapiga mlio kama wa kofi, ukazimika.

Watu wote wakamgeukia.

Hapo ndipo alipoogopa hasa. Watu walikuwa wamesongamana ukuta kwa ukuta na mlango ulikuwa mmoja, mwembamba. Neno moja baya lingeweza kuua watu kabla kombora halijafanya lolote. Akasimama, akafuta magoti, akatoa ile sauti yake ya kuita wateja foleni.

"Jamani, mpango umebadilika! Wageni tutawapokea barabarani. Kwaya itangulie, ikajipange kivulini. Watoto wafuate, wameshikana mikono. Halafu safu ya nyuma, halafu inayofuata. Polepole, nguo za watu zisipasuke, leo sipokei mzigo wa mtu!"

Wengine walicheka, wengine walinung'unika, lakini walisimama. Kwaya ikatoka. Watoto wakatoka. Koplo alikuwa ameshasimama kwenye vidato, anawapokea mmoja mmoja kwa mikono ile ile iliyoshindwa vifungo, na kila aliyepita alimwambia, "Endelea mbele, usisimame mlangoni." Safu ya nyuma ikaanza kwenda. Nusu ya ukumbi ilikuwa imebaki. Bado kidogo, alijiambia. Bado kidogo.

Bwana Stempu alikuwa amesimama peke yake kando ya dirisha lake, uso umemwiva kwa fedheha. Aliona kazi yake yote inatoka mlangoni. Ndipo akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, rudini! Hakuna hatari yoyote! Mwenyekiti amesikiliza maneno ya ndugu yake kwamba kombora litalipuka. Si kweli!"

Alikuwa na nia njema. Lakini katika maneno yote yale watu walisikia moja tu.

"Litalipuka!" mwanamke mmoja alipiga yowe, na ukumbi ukamwagika.

Viti vilianguka. Watu walipanda juu ya meza, wakasukumana, mzee mmoja akabebwa miguu haigusi chini. Bi Pasi alipaza sauti, haikusikika hata kwake mwenyewe. Pale mlangoni aliona mama mkunga amefika kidato cha juu, akaona mkono wa mtu umemsukuma kwa nyuma, akamwona anapotea chini kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Koplo aliinama. Watu walimpiga magoti na viwiko, naye alikaa pale pale, mgongo wake umekuwa ukuta, mpaka akainuka na mama mkunga mikononi na kutoka naye.

Bi Pasi alitoka wa mwisho. Ukumbini vilibaki viti vilivyopinduka, kiatu kimoja chekundu, na kombora limesimama juu ya meza yake na viraka vyake vya rangi, halijatikisika.

Wakangoja barabarani, mbali, nyuma ya ukuta wa karakana. Mtu wa baiskeli alitumwa kambini. Jua lilikuwa kali. Mama mkunga alilazwa juu ya gunia, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na nesi wa hospitali anaufunga kwa vipande vya mbao. Hakupiga kelele. Alikuwa anauma kitambaa tu. Gari la wageni lilifika, dereva akazungumza na Bwana Stempu kupitia dirisha la gari, kisha gari likageuza na kuelekea relini. Baada ya muda, kutoka ng'ambo, upepo ukaleta vigelegele. Watu wakasikiliza.

Koplo alikaa chini, mgongo ukutani, mikono amebana kwapani. Bi Pasi alikwenda akakaa kando yake. Aliomba, na kwa aibu kubwa alijikuta hajui anaomba nini: kombora liwe tupu ili watu wawe salama, au liwe limejaa ili mdogo wake awe mkweli.

Kapteni wa kambini alifika na sanduku la vifaa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye usingizi machoni. Aliuliza maswali mawili matatu, akaingia ukumbini peke yake. Muda ule ulikuwa mrefu. Mtoto alilia akanyamazishwa. Mlio wa chuma ulisikika mara moja ndani, na watu wote wakainama kwa pamoja, hata Bwana Stempu.

Kapteni akatoka. Alikuwa amebeba sahani ya bati, na alipowafikia akaiinamisha. Mchanga ukamwagika barabarani.

"Tupu," alisema. "Wameweka mchanga ili lisimame wima. Hiyo njano ni grisi ya kwenye skrubu ya kifuniko, imeyeyuka kwa joto."

Kicheko kilianza nyuma kabisa, cha mtu mmoja, kisha kikaenea. Hakikuwa kicheko cha furaha. Mtu alisema, "Mchanga!" na mwingine akaitikia, "Tumekimbia mchanga!" Mwanamke mwenye kiatu kimoja hakucheka. Alimtazama Bi Pasi, akatema chini, akaenda zake. Kapteni alimgeukia Koplo na kumuuliza alikuwa kikosi gani. Koplo akamtajia. Kapteni alitikisa kichwa polepole, akafunga sanduku lake, na yeye pia hakucheka.

Jumapili kamati ilikaa. Bwana Stempu alisema kwamba alichofanya yeye ni kuwaambia watu hakuna hatari, na hatari haikuwepo. Hilo lilikuwa kweli, na Bi Pasi hakubishana nalo. Aliweka funguo za ukumbi mezani kabla hawajamwomba.

Kutoka pale alikwenda kwa mama mkunga. Alimkuta kitandani, mkono umefungwa mpaka begani, anajaribu kumenya chungwa kwa meno. Bi Pasi alilichukua akalimenya.

"Nimekuja kukuomba radhi, mama."

"Umekuja, nimekuona." Mama mkunga alipokea kipande cha chungwa. "Mkono utaunga, mifupa yangu ni ya zamani. Ila kuna wanawake wawili wanaokaribia siku zao, na mimi siwezi hata kubeba mkoba wangu. Usiniombe nikuambie kwamba ulifanya sawa, mwanangu. Sijui kama ulifanya sawa."

"Hata mimi sijui."

"Basi tumekuwa wawili. Nipe kipande kingine."

Aliporudi dukani alimkuta Koplo amesimama mbele ya meza ya mashuka, hajakunja hata moja. Mfuko wake wa jeshi ulikuwa sakafuni, umefungwa.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nimekuharibia jina, dada. Nilikosea."

"Ulikosea," Bi Pasi alisema. Hakutaka kumdanganya. "Na mimi nilikosea nawe. Kaa."

Koplo hakukaa. "Kwa nini ulinisikiliza? Nilikuambia sina hakika. Mtu mwenye akili zake angenifukuza."

Bi Pasi alichukua shuka, akampa ncha mbili, akabaki na mbili. Jambo hili alikuwa amelifikiria usiku kucha.

"Wewe hushtuka hata paka akiangusha sufuria," alisema. "Tangu kombora liletwe unazunguka nyuma ya karakana. Jana uliposikia habari ya moto, ungeweza kukimbilia mpaka mtoni ukajificha, na hakuna ambaye angekulaumu. Lakini uliingia. Ulipita kando yake kabisa ukaja kunishika mkono. Mwoga hafanyi hivyo kwa ajili ya mchezo. Niliona, nikasema huyu anaamini anachosema. Sikuwa na kingine cha kushika."

Walilivuta shuka, likanyooka baina yao.

"Na ilikuwa mchanga," Koplo alisema.

"Ilikuwa mchanga. Na mama mkunga amevunjika mkono, na anahitaji mtu wa kumbebea mkoba."

Koplo akalikunja shuka, pindo kwa pindo, akaliweka juu ya rundo. Aliruka mfuko wake wa jeshi pale sakafuni, akatoka. Bi Pasi alimfuata kwa macho mpaka akakata kona ya nyumba ya mama mkunga, kwa njia fupi, ile inayopita mbele ya ukumbi.

Vita havikuisha mwezi ule wala mwaka ule. Kulikuja kampeni nyingine, ya mablanketi, na nyingine ya dawa, na kila Jumamosi Bi Pasi alipanga foleni kama watu wengine, akasogea mpaka dirishani, akanunua stempu zake. Bwana Stempu alimpa bila kumtazama usoni. Watoto walimpa Bi Pasi jina jipya ambalo si la kuandikwa. Biashara ilishuka, ikapanda tena, maana nguo chafu hazina kinyongo.

Koplo alibeba mkoba. Alitembea nyuma ya mama mkunga hatua chache, mtaa kwa mtaa, akasubiri nje ya vyumba ambamo wanawake walikuwa wanapiga kelele, na mwanzoni kila kelele ilimkunja kama kisu kinachofungwa. Mama mkunga alimwambia Bi Pasi kwamba njiani Koplo humsimulia mambo: ya jiko lile, ya mpishi, ya sajini na utani wake, majina yao mmoja mmoja. Bi Pasi alisikia wivu kidogo, kwa kuwa kwake hakuwahi kuyasema tena. Halafu akaona haya kwa wivu huo.

Jioni moja mdogo wake alirudi, vifungo vya shati vimefungwa mrama, damu kidogo mkononi. Bi Pasi alishtuka.

"Ni mtoto," Koplo alisema. "Mama mkunga mkono bado hauna nguvu, akaniambia nishike. Nikashika." Alivitazama viganja vyake kana kwamba si vyake. "Wa kike. Ana kelele, dada, kelele hizo!"

"Ukafanya nini?"

"Nilishtuka," alisema. "Lakini sikumwachia."

Bi Pasi alimimina maji ya moto kwenye beseni, akamletea sabuni.